Uanuwai wa vinasaba: utajiri ulio ndani ya aina moja ya mti

Kila mtu Goma anajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Virunga ina aina nyingi za miti. Ni kweli, lakini neno "aina" limebeba mzigo mkubwa mno. Tunalitumia kwa mti, kwa mbegu, kwa kahawa, kwa kila kitu, na hapo ndipo jambo moja kubwa la msitu linapotuponyoka: hata ndani ya aina moja, mti huu na ule si sawa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa uanuwai wa vinasaba. Ni wingi wa tofauti za urithi zilizomo ndani ya aina moja ya kiumbe. Ukiingia msituni ukahesabu kuna aina ngapi za miti, unapima bayoanuwai kwa maana yake ya kawaida. Ukichukua miti 100 ya aina moja tu, ukauliza imerithi tofauti kiasi gani kutoka kwa wazazi wake, hapo unapima uanuwai wa vinasaba. Msitu unaweza kuwa tajiri kwa hesabu ya kwanza na fukara kwa hesabu ya pili.

Utakuta wengine wanaandika "anuwai ya kijenetiki" au "utofauti wa kijeni". Sina ugomvi nao. Mimi nashika vinasaba kwa sababu watu wameshazoea kusikia habari za kipimo cha vinasaba mtoto anapogombaniwa, na kwa sababu ndani yake limo neno nasaba. Msomaji anaelewa mara moja kwamba habari ni ya ukoo, nani kazaliwa na nani.

Na mageuko ya viumbe yanategemea tofauti hizo. Ukame, ugonjwa au baridi havitengenezi mti mpya wa kuvihimili. Huua miti isiyoweza na kuacha inayoweza. Kama miti yote imerithi kitu kimoja, hakuna wa kubaki.

Mfano wa karibu ni kahawa ya Robusta. Tumezoea kuiona shambani, lakini ni mti wa porini wa misitu ya Kongo, na tangu 1933 kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, kimeifanyia kazi kubwa. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, unaoletwa na kuvu, ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulitulizwa, kisha ukaibuka upya upande wa Isiro, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ukashuka hadi Beni huku kwetu Kivu Kaskazini, na mwaka 1993 ukaripotiwa Bundibugyo, Uganda.

Dalili zake wakulima wa Beni wanazijua. Majani yanageuka manjano, yananyauka, yanadondoka, na ukibandua gome sehemu ya chini ya shina unakuta madoa ya rangi ya buluu inayokaribia weusi. Mti unakauka ndani ya miezi. Mashamba mazima yaling'olewa na kuchomwa moto. Lakini miti haikufa yote. Robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Lazima ua lipokee chavua ya mti mwingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Ndiyo maana katika mashamba yaliyoangamia kulikuwa na mti mmoja mmoja uliobaki kijani. Watafiti wa kituo cha Kituza, Uganda, waliichunguza miti yenye ukinzani, wakaizalisha kwa vikonyo na kuwarudishia wakulima. Hakuna aliyeutengeneza ukinzani huo maabarani. Ulikuwa tayari umo katika urithi wa miti, unasubiri kuhitajika.

Arabika inayolimwa kwenye vilima vya Kivu ina historia nyingine. Ilizaliwa na ndoa ya aina mbili za kahawa ya porini: Robusta na Coffea eugenioides, ambayo asili yake ni nyanda za juu za eneo hili la Maziwa Makuu. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo uanuwai wake ni mdogo mno ukilinganishwa na wa Robusta. Hilo linawatia wasiwasi wataalamu wa kahawa, na wana haki.

Sasa tupande mlimani. Prunus africana ni mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Ukisugua jani lake mkononi linatoa harufu ya lozi chungu. Mwaka 2011 mtafiti Caroline Kadu na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya mti huu kutoka nchi kadhaa za Afrika. Waligundua kwamba miti ya magharibi mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu, iko karibu zaidi kiukoo na ile ya Kamerun kuliko ile ya mashariki ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Maelezo yao ni kwamba zamani misitu ya milimani ilikuwa na njia ya kuunganisha mashariki na magharibi ya bara.

Historia hiyo ndiyo inayobanduliwa magome ya mti huu yanaposafirishwa ng'ambo kutengenezea dawa ya uvimbe wa tezi dume. Tangu 1995 biashara hiyo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, lakini mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa, na inayotangulia kubanduliwa ni ile minene, ambayo ndiyo wazazi wa mbegu. Mbegu zake nazo hazikai ghalani. Zisipopandwa mapema zinapoteza uhai. Ghala lake la kweli ni miti iliyosimama.

Upande wa Goma kazi ya kupanda miti ni kubwa, na inastahili sifa. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi kutoka Rwanda za Mugunga na Kibumba ziliukata msitu wa Virunga kwa kasi ya kutisha, na jiji hadi leo linapikia makala, ndilo jina la mkaa huku kwetu. Mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF, ulioanza 2007, umewasaidia wakulima kupanda miti ya kuni nje ya hifadhi, mikaratusi ikiwa mbele. Mkaratusi wa makala ukikatwa baada ya miaka michache hauna haja ya ukoo mpana. Mti wa asili unaotarajiwa kusimama miaka 100 unauhitaji sana. Ukipanda kilima kizima kwa mbegu za mti mmoja, umepanda ndugu watupu. Watachavushana wenyewe kwa wenyewe, na udhaifu utaonekana kwa wajukuu: mbegu zisizoota, miche inayodumaa.

Kanuni inayofuatwa na wakusanyaji mbegu ni rahisi: angalau miti 30 ya kuchumia, iliyoachana kwa meta 50 hadi 100, kisha mbegu zichanganywe kwa viwango sawa. Basi wewe unayenunua miche ya mti wa asili, usiulize bei peke yake. Muulize mwenye kitalu mbegu zimetoka msitu gani na kwa miti mingapi. Akikuambia ni mti mmoja ulio nyuma ya nyumba yake, mwombe akusanye kwa mingine kabla hujalipa.