Kukabwa si Kusubirishwa

Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, jangwa linaloizunguka Quartzsite, mji mdogo wa jimbo la Arizona nchini Marekani, huwa wazi kwa wageni wa muda mrefu. Wengi ni wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini na kuishi ndani ya magari-nyumba. Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Ifikapo Januari umati umefurika, na minara ya simu iliyowatosha wenyeji wakati wa kiangazi inaelemewa.

Hapo ndipo mstaafu aliyenunua kifurushi cha intaneti kisicho na kikomo huona vijiti vya mtandao vimejaa, lakini picha ya mjukuu haifunguki. Amefanyiwa moja kati ya mambo mawili. Kiingereza huyatenganisha kwa maneno “throttling” na “deprioritization”. Sisi huyatia yote katika kapu moja, “kupunguziwa kasi”. Kapu hilo linaficha tofauti yenye gharama.

Neno la kwanza halisumbui. Kwa Kiingereza lina nasaba na koo, na Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kukaba. Mteja akifikisha kiasi fulani cha data, kampuni humkaba, na hata mnara ukiwa hauna mtu mwingine haachiwi. Ni kama matatu ya Kenya yenye spidi gavana: barabara iwe nyeupe namna gani, kilomita 80 kwa saa ndiyo mwisho wake. Mwaka 2019 kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kuwa kampuni hiyo iliwauzia wateja data isiyo na kikomo kisha ikawakaba bila kuwaeleza vya kutosha. Basi tuseme ukabaji kasi, tuendelee.

La pili ndilo lenye mgogoro. Tafsiri ya haraka ni “ushushaji kipaumbele”. Inaeleweka, ila inadokeza kwamba mteja alikuwa juu akateremshwa. Hilo ni kweli kwa baadhi ya vifurushi, ambavyo humweka mteja mbele mpaka atumie, tuseme, gigabaiti 50. Lakini vifurushi vingi vya bei nafuu humweka nyuma tangu siku ya kwanza. Huyo hajashushwa, hakuwahi kupanda.

Aliyekulia Dar es Salaam anaijua hali hii tangu shuleni. Daladala likifika kituoni asubuhi, konda huwapakia kwanza wenye nauli kamili. Mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, huambiwa asubiri. Saa nne gari likipita tupu, mwanafunzi yuleyule huitwa kwa bashasha. Mwendo wa gari haukubadilika, wala nauli yake haikubadilika. Kilichobadilika ni msongamano. Mnara wa simu nao hufanya hivyohivyo: kila kifurushi kina daraja lake, na penye msongamano, wa daraja la chini hungoja. Kwa hiyo napendekeza usubirishaji. Neno hilo linamfaa aliyeshushwa na aliyeanzia chini, na linabeba sharti la msongamano ambalo “kushusha” halina.

Tofauti hii ina kipimo chake. Pima kasi saa mbili usiku, kisha saa tisa usiku wenzako wakiwa wamelala. Ikirudi, ulisubirishwa: lipia daraja la juu, ongeza laini ya mtandao mwingine, au sogeza gari mbali na umati. Antena ya kuongeza nguvu huenda isikusaidie, maana tatizo ni foleni. Isiporudi, huenda umekabwa: ongeza data au ngoja mwezi mpya. Yawezekana pia simu inasubirishwa huku kompyuta iliyounganishwa nayo imekabwa, kwa kuwa hotspoti mara nyingi ina kikomo chake.

Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa za Marekani zinalazimika kuonyesha lebo ya kila kifurushi, yenye bei, kasi ya kawaida na kiasi cha data. Anayeisoma asiishie kwenye “kiasi gani?”, kwani hilo ni swali la kukabwa. Kabla ya kuelekea Quartzsite, aulize na la pili: konda akisema “subiri”, atakuwa ananiambia mimi?