Neema ya Kilwa na Sababu Zake

Mtu atakaye leo kuchora kwa programu ya kompyuta mchoro wa kustawi na kufifia kwa Kilwa Kisiwani, akaiweka neema ya mji upande wa wima na dhahabu ya Sofala iliyopitia mjini humo upande wa ulalo, ataona uhusiano ulio dhahiri kupita kiasi, nami naushuku. Kwani Wareno waliuteka mji na kujenga ngome Sofala mwaka huohuo wa 1505, hata athari ya vita na ya biashara haziachani. Uvamizi wa kabila la Wazimba juu ya mji mwaka 1587, nao, ni nukta moja tu katika mchoro huo. Ama mwaka 1776, Sultani wa Kilwa alipoafikiana na Mfaransa Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa riale 20 kila roho, mstari ulipanda tena pasi na dhahabu, ikiwa hiyo yastahili kuitwa neema.