Malenga wa Kamiti

Mwaka 1969 alifariki dunia Mathias Mnyampala, malenga wa Ugogo, mzaliwa wa Dodoma, mtu wa bara aliyeimiliki mizani ya shairi hata wenye pwani yao wakamkubali. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waieneze siasa mpya kwa tungo zao, na Mnyampala akaitika: wawili hujibizana kwa beti, asiyejua huuliza, ajuaye hufunza, na mwisho wote huwa kauli moja. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka, dola nyingine ilimfunga malenga kijana ambaye haikuwa imemwomba lolote.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa Aprili 1946, katika jamaa ya watu wa kalamu. Nduguye Ahmad Nassir Juma Bhalo ni malenga asiyehitaji kutambulishwa. Nduguye mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na mwanasiasa. Abdilatif alishika kazi ya hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, akajiunga na KPU, chama cha Oginga Odinga. Novemba 1968 aliandika waraka, *Kenya: Twendapi?*, akiituhumu serikali ya Kenyatta kuelekea udikteta. Desemba akakamatwa kwa uchochezi. Machi 1969 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18. Serikali ikakata rufaa, kifungo kikawa miaka 3. Umri wake ulikuwa miaka 22.

Neno moja lafaa kutuliwa hapa. Waraka ule haukuwa shairi. Mtu aliyekulia ndani ya mafumbo, katika mji ambao hata ugomvi wa majirani huweza kwenda kwa beti, safari hiyo alichagua nathari tupu, isiyo kificho, ili kila asomaye aelewe. Wakubwa nao walielewa. Fumbo lilimrudia gerezani.

Kamiti aliwekwa chumba cha peke yake, na kuandika kukawa marufuku. Alitunga kwenye karatasi za chooni, na tungo zikatolewa nje kwa siri. Zaidi ya karne moja kabla yake, Taras Shevchenko, malenga wa Ukraine aliyekamatwa 1847 na kupelekwa uaskari wa mbali kwa amri ya Tsar kwamba asiandike wala asichore, alikuwa akificha vijitabu vya mashairi ndani ya kiatu chake. Watawala wawili wasiofanana kwa lolote walikuwa wameogopa kitu kimoja.

Katika mashairi yale ya Kamiti, "Siwati" ndilo lililo wazi kuliko yote: ni Kimvita cha "siachi", na kimesemwa na mtu ambaye kuacha kungempunguzia mengi. "Jipu" na "Mamba" yanaweza kusomwa na bawabu wa jela yasimtie wasiwasi. Lakini penye uzito zaidi ni "Mnazi", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanavutana juu ya mti mmoja. Kwa umbo ni majibizano kama ngonjera za Mnyampala. Tofauti imo katika swali lenyewe. Ngonjera yajua jibu kabla haijaanza. Alii na Badi wanagombea haki, na msomaji wa Kenya ya miaka ile hakuhitaji kuambiwa mnazi ule ni nini.

Alifunguliwa 1972, akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hapo ndipo alipoitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah, *Wema Hawajazaliwa*, habari za uhuru uliooza ungali mchanga. Mfasiri huyo hakuichagua kwa bahati. Mashairi ya kifungoni yalitoka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakatunukiwa tuzo ya fasihi nchini Kenya. Iliitwa Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Mshindi hakurudi kuishi kwao. Mwaka 1979 alikwenda London, kwenye idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambako aliwatetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya ya Moi, kisha akaenda Leipzig, akafundisha Kiswahili chuoni hadi 2011.