Thomas Odoyo: mchezaji wa kila idara aliyenyimwa mechi

KATIKA orodha ya wanakriketi waliowahi kuvaa jezi ya Kenya, Steve Tikolo ndiye hutajwa kwanza, kwa ustadi wake wa kupiga. Maurice Odumbe hufuata, kwa sababu nzuri na mbaya pia. Jina la Thomas Odoyo huja baadaye, na aghalabu hutajwa kwa pumzi moja na wengine. Lakini ukizifungua takwimu, huyu ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza mechi za Testi kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Kabla yake hakuna mchezaji wa nchi ndogo za kriketi aliyekuwa amefika hapo kwa kazi zote mbili.

Kwa wasomaji wa sehemu kama Meru na Embu, ambako umati hukusanyika Kinoru au uwanja wa Moi kwa ajili ya kandanda, maelezo machache yanafaa. Kriketi ya Kenya iliota mizizi katika miji iliyokuwa na klabu za Wahindi na Waingereza, hasa Nairobi na Mombasa, na haikupanda mlima kuelekea mashariki. Timu huwa na wachezaji 11. Wapo wapigaji, ambao kazi yao ni kuukung'uta mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio, na wapo warushaji, ambao kazi yao ni kuwatoa wapigaji wa upande wa pili. Kila mpigaji anayetolewa huhesabiwa kuwa wiketi moja, na mirusho 6 hufanya ova moja. Katika mechi ya siku moja kila upande hupewa ova 50.

Wachezaji wengi hujulikana kwa kazi moja tu. Mchezaji wa kila idara ni yule anayestahili nafasi katika timu kwa gongo na kwa mpira, kila kimoja peke yake. Dunia imeona wachache wa namna hiyo: Ian Botham wa Uingereza, Kapil Dev wa India, Imran Khan wa Pakistan, Jacques Kallis wa Afrika Kusini. Wote hao walitoka katika nchi zenye ligi kubwa, wadhamini na ratiba iliyojaa mwaka mzima. Odoyo hakuwa na hata kimoja cha hivyo.

Alizaliwa Nairobi tarehe 12 Mei 1978. Alikuwa na umri wa miaka 17 alipoingia uwanjani Cuttack, India, tarehe 18 Februari 1996, siku ambayo Kenya yenyewe ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja. Ilikuwa Kombe la Dunia, na wenyeji walishinda kwa wiketi 7 huku Sachin Tendulkar akimaliza na mikimbio 127 bila kutolewa. Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166, jumla ambayo haikumtisha mtu yeyote. Kisha West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, wakaporomoka kwa 93. Brian Lara, aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa duniani, alitoka na mikimbio 8. Odumbe, aliyekuwa nahodha, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi. Kijana Odoyo alikuwamo kikosini, na hakuna aliyemwangalia sana.

Katika miaka iliyofuata alikomaa. Alirusha kwa mkono wa kulia, kwa kasi ya wastani iliyozidi kidogo, na mara nyingi alipewa mpira mpya, jukumu linalotaka mtu mwenye subira na shabaha. Kwa gongo aliingia chini ya orodha, wapigaji wanaotegemewa wakiwa wamekwisha kutoka. Hapo ndipo ugumu wa kazi yake unapoonekana. Timu kubwa humtumia mchezaji wa kila idara kama nyongeza ya nguvu iliyopo. Kenya ilimtumia Odoyo kuziba pengo. Asubuhi alitakiwa kufungua mashambulizi ya mpira, jioni alitakiwa kuokoa jahazi lililokwisha kupigwa na mawimbi, na mtu anayefanya hivyo hapati mikimbio ya kupendeza kwenye karatasi. Hupata 20, hupata 30, na timu ikafika mahali pa kujitetea. Ndiyo sababu wastani wake wa upigaji haumtendei haki.

Kombe la Dunia la 1999 nchini Uingereza lilikuwa chungu, kwani Kenya ilipoteza mechi zote 5. Lile la 2003, lililoandaliwa na Afrika Kusini kwa kushirikiana na Zimbabwe na Kenya, lilikuwa kinyume chake kabisa. Chini ya kocha Sandeep Patil kutoka India na nahodha Tikolo, Kenya ilianza kwa kipigo, lakini mjini Cape Town tarehe 15 Februari Odoyo aliivunja Canada kwa kuchukua wiketi 4 na kutoa mikimbio 28 tu. Ushindi huo ulifungua mlango. New Zealand ilikataa kusafiri hadi Nairobi kwa hofu ya usalama na pointi zikapewa Kenya. Tarehe 24 Februari, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Sri Lanka ilitolewa kwa mikimbio 157 baada ya Collins Obuya kuchukua wiketi 5. Bangladesh nayo ikafuata, mikononi mwa Odumbe.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Kenya ilibebwa na uamuzi wa New Zealand. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Pointi za mezani zilisaidia, lakini Sri Lanka, iliyokuwa bingwa wa 1996, haikutolewa mezani. Wala Zimbabwe haikutolewa mezani. Katika hatua ya timu sita bora, mjini Bloemfontein, Zimbabwe ilitolewa kwa mikimbio 133, na Odoyo, aliyepandishwa juu katika orodha ya wapigaji, alimaliza kazi akiwa na 43 bila kutolewa, Odumbe akiwa upande wa pili. Kenya ilishinda kwa wiketi 7 na kuingia nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi isiyocheza mechi za Testi iliyokuwa imelifanya. India ilishinda nusu fainali hiyo ya Durban tarehe 20 Machi kwa mikimbio 91.

Odoyo alikuwa bado hajatimiza miaka 25. Kwa mrushaji wa mpira wa kasi, huo ndio umri ambao mwili na akili huanza kukutana. Mtu angetarajia kwamba baada ya nusu fainali ya Kombe la Dunia, mialiko ingemiminika. Haikuwa hivyo. Katika mwaka mzima wa 2004 Kenya ilicheza mechi 2 tu za kimataifa za siku moja, dhidi ya India na Pakistan, zote katika mashindano ya Kombe la Mabingwa nchini Uingereza. Mwaka 2005 haikucheza hata moja.

Sababu zilikuwa ndani na nje. Ndani, wachezaji na uongozi wa chama walivutana kuhusu malipo na mikataba, mgomo ukazuka, na mwaka 2005 chombo kipya, Cricket Kenya, kikachukua mahali pa chama cha zamani. Odumbe naye alikuwa amefungiwa miaka 5 mnamo Agosti 2004 kwa uhusiano usiofaa na mcheza kamari. Nje, nchi kubwa hazikuona faida ya kualika timu isiyo na hadhi ya Testi. Bangladesh, ambayo Kenya iliifunga katika Kombe lile lile la 2003, ilikuwa imepewa hadhi hiyo mwaka 2000, na kwa hiyo ratiba yake ilijaa hata ilipokuwa ikipoteza mfululizo. Timu hujifunza kwa kucheza na walio bora. Bangladesh ilijifunza kwa kufungwa, Kenya ikasahau kwa kukaa.

Mwaka huo mkavu wa 2005, nafasi ya Odoyo kucheza mechi za kiwango hicho ilitokana na bara. Aliitwa katika kikosi cha Afrika kilichomenyana na Asia nchini Afrika Kusini, pamoja na Tikolo, katikati ya majina makubwa ya Afrika Kusini na Zimbabwe. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu aliyeonekana anafaa kuiwakilisha Afrika nzima hakuwa na mechi ya kuiwakilisha nchi yake.

Kenya ilipozuru Zimbabwe mapema mwaka 2006, milango ilifunguka tena, na Odoyo akaonyesha alichokuwa amekikosa. Mwaka 2007 ndio uliokuwa kilele chake. Kenya ilitwaa ubingwa wa daraja la kwanza la Ligi ya Dunia jijini Nairobi, ikaenda Kombe la Dunia huko West Indies na kuifunga Canada kabla ya kutoka kwenye kundi. Septemba, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtaja Odoyo kuwa mchezaji bora wa mwaka wa mechi za siku moja miongoni mwa nchi wanachama washirika. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwaka huo huo aliipiga Canada mikimbio 111 bila kutolewa, alama yake ya juu kabisa. Alikuwa na miaka 29.

Baada ya hapo mteremko ulianza, wake na wa timu. Kombe la Dunia la 2011 lilikuwa la 5 kwake, na Kenya ilipoteza mechi zote 6. Wengi wa wenzake wa 2003 walikuwa wamekwisha kuondoka na waliokuja nyuma yao hawakupata malezi ya mechi kubwa. Oktoba 2013, mjini Sharjah, Afghanistan iliifunga Kenya na kujipatia tiketi ya Kombe la Dunia la 2015. Januari 2014, katika mechi za mchujo nchini New Zealand, Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja, iliyodumu tangu siku ile ya Cuttack. Afghanistan na Ireland zilipewa hadhi ya Testi mwaka 2017.

Odoyo aligeukia ukocha na kupanda hadi kuinoa timu ya taifa. Februari 2018, nchini Namibia, Kenya ilishika mkia katika daraja la pili la Ligi ya Dunia na kushushwa daraja. Odoyo alijiuzulu, pamoja na nahodha Rakep Patel na mwenyekiti wa Cricket Kenya, Jackie Janmohamed. Nafasi yake ya ukocha ilichukuliwa na Odumbe.

Katika vitabu, Odoyo ameacha zaidi ya mechi 130 za kimataifa za siku moja, zaidi ya mikimbio 2,300 na zaidi ya wiketi 140. Hakuna Mkenya aliyechukua wiketi nyingi kuliko yeye katika mechi hizo, na kwa kuwa Kenya haijacheza mechi ya siku moja yenye hadhi rasmi tangu mwaka 2014, rekodi hiyo haijapata wa kuisogelea.