Kutoka Kukariri Majina hadi Kuchora Ramani: Historia Fupi ya Ubunifu katika Ufundishaji wa Jiografia

Utangulizi

Wahenga walisema kusikia si kuona. Methali hii inalihusu sana somo la jiografia. Ni somo la dunia tunayoikanyaga kila siku, lakini katika shule nyingi limefundishwa kwa kusikia tu: mwalimu anataja, wanafunzi wanaandika, kisha wanakariri kwa ajili ya mtihani. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwanafunzi wa Uganda anayejua majina ya maziwa makuu ya Amerika ya Kaskazini, lakini hajui kijito kinachopita nyuma ya shule yake kinamwaga maji yake wapi.

Siku hizi mitaala ya nchi zetu inawataka walimu wafundishe kwa ubunifu. Rwanda ilianza kutumia mtaala wa umahiri mwaka 2016, Kenya ikafuata kwa majaribio mwaka 2017, na Uganda ilianza kutumia mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020. Wengi wanadhani kwamba mambo haya ni mapya. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba ubunifu katika kufundisha jiografia una historia ndefu. Inakusudia pia kuonyesha kwamba njia nzuri peke yake haitoshi. Lazima tuulize dunia inayoonyeshwa darasani inaonyeshwa na nani, na kwa faida ya nani.

Lugha kama somo la kwanza

Kabla ya kwenda Ulaya, tuanze na lugha tunayojifunza. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na jiografia yao kabla ya shule za kisasa, na athari zake zimebaki katika Kiswahili. Neno kaskazini linatokana na kaskazi, yaani upepo unaovuma kutoka upande huo kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi hivi. Neno kusini linatokana na kusi, upepo unaovuma kutoka upande wa pili kuanzia Aprili. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kwa hiyo mtoto wa pwani aliyejifunza maneno haya alijifunza kwa pamoja mwelekeo, majira na biashara.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi zisizo na bahari huyapokea maneno haya kama msamiati wa kukariri, bila kuambiwa kwamba ndani yake mna upepo. Mwalimu anayelieleza hili kwa kutumia ramani ya Bahari ya Hindi na mashua mbili za karatasi amefundisha masomo mawili katika kipindi kimoja. Ubunifu hauhitaji fedha nyingi.

Udongo wa Yverdon na vipande vya London

Huko Ulaya, malalamiko dhidi ya kukariri yalianza zamani. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alichapisha kitabu chake Émile, akishauri kwamba jiografia ya mtoto ianzie katika mji anaokaa, na mtoto achore ramani yake mwenyewe hata kama ina makosa. Katika miaka hiyohiyo ya 1760, mchongaji wa ramani wa London aliyeitwa John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akaviuza vipande hivyo ili watoto wavipange upya. Mchezo wa kupanga vipande ambao leo tunauona madukani ulianza kama kifaa cha kufundishia jiografia.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye kuanzia mwaka 1805 aliendesha shule katika ngome ya mji wa Yverdon, Uswisi. Somo la jiografia katika shule yake halikuanza na ramani. Wanafunzi walipelekwa kwanza kwenye bonde lililo karibu na mji, wakatazama kwa makini jinsi lilivyopinda na maji yalivyopita. Wakachukua udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye kingo zake, na waliporudi shuleni wakalifinyanga bonde lilelile juu ya meza ndefu. Kila siku walitoka tena na kuongeza sehemu nyingine. Ramani ya karatasi waliionyeshwa baadaye, walipokuwa wameshaelewa alama zake zinasimamia nini.

Mpangilio huu unastahili kuangaliwa vizuri. Katika shule zetu ramani hutangulia, na mara nyingi nchi yenyewe haifuati kabisa. Pestalozzi aligeuza: nchi kwanza, mfano wa udongo pili, karatasi mwisho. Miongoni mwa wageni waliofika Yverdon na kuvutiwa na njia hiyo alikuwemo Carl Ritter, ambaye mwaka 1820 alipewa nafasi ya kufundisha jiografia katika Chuo Kikuu cha Berlin na anahesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa jiografia ya kisasa.

Taa ya picha na Mlima Kenya

Hatua nyingine ilikuwa ya picha. Mwaka 1893 walimu wachache walikutana Oxford, Uingereza, wakaanzisha chama cha Geographical Association. Jambo lililowaleta pamoja mwanzoni lilikuwa kubadilishana picha za kioo zilizoonyeshwa ukutani kwa taa maalumu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kawaida aliweza kuuona mlima wa barafu au jangwa ukubwa wa ukuta mzima wa darasa lake. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la ajabu kama kompyuta kwetu leo.

Mmoja wa watu waliohimiza mabadiliko hayo alikuwa Halford Mackinder, aliyeanza kufundisha jiografia Oxford mwaka 1887. Alipinga jiografia kuwa orodha ya majina; alitaka somo lieleze uhusiano kati ya binadamu na mazingira yake. Lakini mtu huyuhuyu, mwezi Septemba 1899, ndiye Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, akiwa na Waitaliano kama waongozaji wa barafuni na nyuma yao msafara mkubwa wa wapagazi, wakiwemo Waswahili na Wakikuyu. Vilele viwili vikuu alivipa majina ya Batian na Nelion, kutokana na viongozi wa Kimaasai. Wakikuyu walikuwa na jina lao la mlima huo, Kirinyaga, tangu zamani. Hadi leo wanafunzi wa Afrika Mashariki hukariri kwamba Batian ina urefu wa mita 5,199, na ni wachache wanaoambiwa jina hilo liliwekwa na nani na katika safari gani.

Taa ya picha nayo ilipata kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1902 Ofisi ya Makoloni ya Uingereza ilikuwa na kamati ya kutayarisha mafunzo ya picha, na Mackinder alikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Lengo lilikuwa kuwaonyesha watoto wa makoloni jinsi Uingereza ilivyo, na kuwaonyesha watoto wa Uingereza makoloni yao, ili wote wajione ni wa dola moja. Kwa upande wa mbinu, masomo hayo yalikuwa bora kuliko kukariri. Kwa upande wa maudhui, yalimfundisha mtoto kuiona nchi ya mwenzake kama mali. Hapa ndipo tunapopata funzo kubwa la historia hii: kifaa kinachovutia kinaweza kuupendezesha uongo kama kinavyoupendezesha ukweli.

Watoto waliopima nchi

Mfano unaopendeza zaidi ulitokea Uingereza katika miaka ya 1930. Mtaalamu wa jiografia L. Dudley Stamp alitaka kujua kila kipande cha ardhi ya Uingereza kinatumikaje, lakini hakuwa na fedha za kuajiri wapimaji wa kutosha. Akaziomba shule. Maelfu ya wanafunzi na walimu wao walipewa karatasi za ramani, wakatembea shamba kwa shamba, wakaandika herufi kwa kila kipande: hapa msitu, hapa malisho, hapa ardhi iliyolimwa, hapa bustani.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na Uingereza ikahitaji kulima chakula chake zaidi, ramani hizo zilitumika katika kupanga ardhi ipi ilimwe. Mtoto aliyepewa kazi ya kweli, ambayo mtu mwingine anaihitaji, hujifunza kwa bidii asiyoipata katika zoezi la kusahihishwa na kutupwa.

Afrika Mashariki baada ya uhuru

Katika ukanda wetu, mjadala ulibadilika baada ya uhuru. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alikosoa elimu inayomtenga mtoto na jamii yake, akataka kila shule iwe pia na shamba au karakana yake, ili wanafunzi wajifunze kwa kufanya. Kwa jiografia hii ilikuwa nafasi ya dhahabu: udongo, mvua, mteremko na mazao vyote vilikuwa hatua chache kutoka darasani.

Hata hivyo, katika shule nyingi shamba lilitengana na somo. Wanafunzi walilima asubuhi, na baadaye wakaingia darasani kunakili maelezo ya aina za udongo ubaoni, bila mtu kuwaambia kwamba ni udongo uleule uliobaki kwenye majembe yao. Kikwazo kimoja kilikuwa mtihani. Mtihani ulipima kilichoandikwa daftarini, na mwalimu, kama mfanyakazi yeyote, hufuata kile anachopimiwa.

Uhai mpya umekuja kwa njia ambayo haikutarajiwa. Mwaka 2009 kundi la vijana wa Kibera, Nairobi, walichukua vifaa vya GPS wakaanza kuchora ramani ya mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulionekana kama eneo tupu ingawa una watu wengi. Mwaka 2015 jijini Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, wakionyesha nyumba, mitaro na njia za maji. Wakazi ndio waliojua maji hufika wapi mvua ikizidi. Wanafunzi walijua jinsi ya kuyaandika maarifa hayo kwenye ramani. Hapa safari ya Mackinder imegeuzwa, kwa sababu anayeichora nchi na kuandika majina yake ni mwenyeji.

Somo linapookoa maisha

Mtu anaweza kuuliza: kwani kuna hasara gani tukiendelea kukariri? Jibu lipo katika matukio mawili.

Tarehe 26 Desemba 2004, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa ufukweni Phuket, Thailand, pamoja na wazazi wake. Aliona bahari ikitoa mapovu na kubadilika kwa namna isiyo ya kawaida. Wiki mbili tu kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa ameonyesha darasani filamu ya tsunami iliyoikumba Hawaii. Msichana alipiga kelele kwamba tsunami inakuja, ufukwe ukaondolewa watu, na watu wapatao mia moja wakanusurika. Mawimbi hayohayo yalivuka Bahari ya Hindi yakaua karibu watu 300 Somalia, na Tanzania pia ilipoteza watu.

Tukio la pili liko nyumbani. Tarehe 1 Machi 2010, udongo wa miteremko ya Mlima Elgon uliporomoka Bududa, mashariki mwa Uganda, ukakifukia kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walipoteza maisha. Oktoba 2018 maafa yakarudi katika wilaya ileile. Wanafunzi wetu wote hufundishwa maana ya maporomoko ya udongo. Lakini maana haimwonyeshi mtu ufa unaofunguka juu ya shamba la baba yake.

Zoezi linaloweza kumwonyesha ni rahisi. Jaza udongo katika mabeseni mawili, moja likiwa na nyasi zilizoota na jingine likiwa tupu. Yainamishe kama mteremko, kisha mwaga maji kwa kopo lililotobolewa. Wanafunzi wahesabu makopo hadi udongo utakapoanza kuteleza, na waangalie ufa unaanzia wapi. Kisha watoke, wakautafute mteremko wa namna hiyo karibu na shule, wauchore, na wapeleke mchoro wao kwa mwenyekiti wa kijiji. Hapo Pestalozzi na Stamp wamekutana, na hakuna kilichonunuliwa ila kopo na mabeseni.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha kwamba katika kila zama jiografia ilipogeuka kuwa orodha ya majina, walitokea walimu walioirudisha kwenye udongo, picha na miguu ya wanafunzi. Inatufundisha pia kwamba ubunifu huo uliweza kutumikia dola, kama taa ya picha, au kutumikia wenyeji, kama ramani za Dar es Salaam. Zaidi ya hayo, tunaona kwamba ubunifu hufa pale mtihani unapopima kitu kingine. Uganda ilifanya mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala mpya mwaka 2024, na sasa alama za kazi za mradi nazo zinahesabiwa. Hiyo ni hatua njema, mradi mwalimu asiruhusu kazi hizo zinakiliwe kutoka kwa wenzao wa mwaka uliopita.

Wengi wetu tunaosoma insha hizi tutakuwa walimu. Kabla ya kudai kompyuta, tuanze na swali ambalo kila shule ina uwezo wa kulijibu kwa miguu: maji ya mvua yakitoka katika uwanja wetu, yanakwenda wapi?