Chemba Pana, Chemba Finyu: Mausipisi za Saksafoni Nene

Watu wengi hudhani saksafoni ilianzia kwenye alto, kwa kuwa ndiyo wanayoiona mikononi mwa kila anayejifunza. Ilianzia chini, kwenye besi. Adolphe Sax, fundi mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuitengeneza upya klarineti ya besi na kuipatia hataza mwaka 1838. Baadaye akachukua mausipisi (kipande cha kupulizia) ya namna hiyo, yenye ridi (ulimi wa tete) moja, akaichomeka kwenye mwili wa shaba wenye umbo la pia. Juni 1842 mtunzi Hector Berlioz akakisifu chombo hicho katika gazeti la Journal des Débats la Paris, na alichokieleza kilikuwa cha sauti nene. Hataza ya familia nzima ilifuata mwaka 1846.

Nayasema haya kwa sababu mimi ni mtu wa baritoni. Nimeipuliza ukumbini, sasa naitengeneza mezani, na kila mara huja kijana akaniambia mausipisi ni mausipisi tu, bora iingie. Huwa namwekea mbili mbele yake na kumwambia achungulie ndani.

Mausipisi za Sax zilikuwa za mbao, na ndani zilichimbwa mviringo, kuta zimerudi nyuma, kiasi kwamba chemba, yaani uvungu wa ndani, ilikuwa pana kuliko hata tundu la kuingilia shingo. Sauti yake ilitoka laini na imejaa, isiyo na makali. Ndivyo alivyotaka mwenyewe: chombo chenye nguvu ya shaba na ulaini wa mbao, kitakachosikika katika bendi ya jeshi bila kuwaumiza watu masikio.

Hapa fizikia ina neno. Saksafoni ni kama pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha ili ipate kupulizwa. Hewa ambayo ingekaa katika ncha ile lazima ipatikane kwingine, na hapo ni ndani ya mausipisi. Arthur Benade, mwanafizikia wa Marekani, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1976, lakini mafundi walikuwa wakilijua kwa vidole zamani. Mimi hupima kwa maji: naziba mwanya wa ncha ya mausipisi, nachukua bomba la sindano ya hospitali, najaza mpaka pale shingo inapofikia, nasoma mililita. Kipimo hicho si kamili, maana ridi inapotikisika chemba hujifanya kubwa kuliko ilivyo. Hata hivyo kinatosha kukuonyesha kwa nini baritoni ya Conn ya miaka ya 1920 inagombana na mausipisi iliyotoka dukani jana. Utaivuta nje mpaka inakaribia kudondoka kwenye koki ya shingo, na bado noti za juu zitapanda.

Conn na Buescher, makampuni mawili ya mji wa Elkhart, Indiana, ndiyo yaliyofyatua saksafoni kwa wingi wakati Marekani nzima ilipopatwa na homa ya chombo hiki. Mbao ilikuwa imepisha eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa. Ukiiacha juani hugeuka rangi ya kijani au kahawia, na ukiisugua kwa maji ya moto hunuka kama kiberiti, kisha hupinda. Tafadhali, maji ya moto hapana.

Chemba zilikuwa bado pana, na besi ilikuwa na ajira. Kabla ya 1925 kurekodi kulifanywa kwa pembe kubwa bila umeme, na besi ya nyuzi ilipotea humo kabisa, ila saksafoni ya besi ilipenya. Adrian Rollini aliipuliza kwa wepesi wa ajabu, na mwaka 1927 alirekodi na mpiga koneti Bix Beiderbecke. Maikrofoni ya umeme ilipokuja, besi ya nyuzi ikachukua nafasi, na Rollini mwenyewe akahamia vibrafoni. Soko la mausipisi za besi likafa. Mpaka leo wapulizaji wengi wa besi huchomeka mausipisi ya baritoni na kuomba radhi kwa tuni.

Baritoni iliokolewa na mtu mmoja zaidi ya wote. Harry Carney aliingia bendi ya Duke Ellington mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 17, na akabaki mpaka Ellington alipofariki mwaka 1974. Lakini bendi zilizidi kuwa kubwa, tarumbeta na tromboni zikapangwa nyuma ya saksafoni zikipiga kwa nguvu, na mpulizaji wa chini alitaka kusikika. Watengenezaji wakafinya chemba, wakalishusha dari la ndani likaribie ridi, wakapanua mwanya wa ncha. Hewa ikipita kwenye njia nyembamba hukimbia, na sauti hutoka na makali. Berg Larsen wa Uingereza waliandika vipimo ubavuni: 110 ni mwanya wa inchi 0.110, karibu milimita 2.8, na namba ya chemba huanzia 0, yenye makali kuliko zote, hadi 3, iliyopoa. Wengi hudhani makali hayo ni ya chuma. Chuma kinasingiziwa. Chonga umbo lilelile kwa eboniti, utasikia makali yaleyale.

Aliyepinga mabadiliko haya kwa sauti kubwa ni Sigurd Raschèr, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1939, ambaye mtunzi Glazunov alimtungia konsato. Kwake, kufinya chemba ni kukitupa chombo cha Sax na kubaki na jina. Kilichomuudhi ni kwamba huko Paris kwenyewe, darasa la saksafoni liliporudishwa katika chuo cha muziki cha Conservatoire mwaka 1942 chini ya Marcel Mule, mtindo uliotawala ulikuwa wa sauti iliyokusanyika zaidi. Mwaka 1969 Raschèr alianzisha kwateti, binti yake Carina kwenye soprano, Linda Bangs kwenye baritoni. Isikilize baritoni ile: haisukumi mtu, inabeba.

Hata hivyo siwezi kumfuata Raschèr mpaka mwisho. Gerry Mulligan, mpulizaji wa baritoni wa jazi, na Conn yake, mwaka 1952 huko Los Angeles alipiga katika kwateti isiyo na piano. Palikuwa na nafasi, akazungumza taratibu. Lakini Pepper Adams wa Detroit, mtu wa Berg Larsen, ambaye watu walimwita Kisu, alikaa mbele ya ukuta wa shaba wa bendi ya Thad Jones na Mel Lewis. Mpe Adams chemba ya Sax, nani angemsikia? Vivyo hivyo Lagos, Lekan Animashaun alipokuwa na baritoni chini ya ngoma na magitaa ya bendi ya Fela Kuti. Bendi zetu za dansi zilitegemea alto na tena, kwa hiyo ugomvi huu haukutufikia sana.

Baritoni kuukuu ya Elkhart ikija mezani kwangu, naitafutia chemba pana, hata mwenyewe akilalamika kwamba haina ukali. Akisema anapiga harusini, nje, mbele ya spika, basi namtafutia namba 0 na ridi laini, na namwambia alete shingo niibadilishe koki.