Ukuta Bila Simiti

Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani Homa Bay, kitu cha kwanza nilichojenga ni ukuta wa banda la kuku. Nilikuwa na nyundo ya kuazima, kamba na rundo la mawe. Mvua ya pili ikauangusha. Mama hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Basi nikapanda matatu hadi Migori, halafu boda, nikaone Thimlich Ohinga. Maboma hayo ya mawe yana miaka mia kadhaa, ingawa UNESCO waliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018 tu. Kuna kuta zinazopita mita 4 kwenda juu, unene karibu mita moja. Hakuna simiti, hakuna udongo wa kushikanisha, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Walijenga uso wa nje na uso wa ndani, kisha katikati wakashindilia mawe madogo yanayozifunga pande zote mbili. Penye wasiwasi, wakaegemeza mawe mengine ubavuni. Mimi nilikuwa nimepanga safu moja, kama vitabu kwenye rafu!

Tena waliojenga walihama, wengine wakaja wakakaa humo, wakaziba palipobomoka. Yaani hata hapo kazi nyingi ilikuwa kurekebisha.

Nimeanza upya, safu mbili. Fundi wa jirani anasema naharibu mawe. Ukuta umefika magotini.